Mfuko wa Kulalia: Kutoka Bondeni Gatumba hadi Baridi ya Milimani

Mtu atokaye Bujumbura kwa barabara iendayo Uvira husafiri kiasi cha kilomita 15 tu kabla ya kufika Gatumba. Njia yote ni tambarare. Upande wake wa kushoto liko Ziwa Tanganyika, upande wa kulia limetandazwa bonde la Rusizi pamoja na mashamba na malisho yake, na mbele, ng'ambo ya mpaka, imesimama milima ya Kongo, yenye rangi ya buluu wakati wa asubuhi na nyeusi wakati wa jioni. Akigeuka nyuma ataona milima mingine, ya Burundi, inayopanda kutoka Bujumbura hadi nchi ya Mugamba. Kwa hiyo Gatumba ni mfano wa sakafu ya nyumba yenye kuta mbili ndefu. Juu ya sakafu hii watu hulala kwa joto na mbu. Juu ya kuta zile watu hulala kwa baridi na ukungu. Kati ya usiku wa aina hizo mbili hapana hata mwendo wa nusu siku kwa gari.

Ndiyo sababu mtu wa Gatumba anayetazamia safari ya milimani hujiuliza swali ambalo mzee wake hakujiuliza: alale ndani ya nini? Zamani jibu lilikuwa mkeka na blanketi. Siku hizi, katika marobota ya mitumba yanayofunguliwa kwenye masoko ya Bujumbura, hutokea mifuko ya kulalia iliyoshonwa Ulaya na Marekani kwa ajili ya wapanda milima. Mingine ni mizito, imejazwa nyuzi za viwandani. Mingine ni miepesi ajabu, imejazwa vinyoya vya bata, na ikikunjwa huingia katika kifuko kisichozidi ukubwa wa mkate. Kijana akiishika ile miepesi huona amepata hazina. Huenda kweli ameipata. Lakini, ndugu msomaji, wepesi si swali la kwanza. Swali la kwanza ni mahali utakapolala. La pili ni maji yatakuwa wapi. La tatu ni nini kitakuwa chini ya mgongo wako. Wepesi huja nyuma ya hayo matatu.

Tuanze na maji, maana Gatumba haizungumzwi bila maji. Mji umekaa karibu sana na usawa wa ziwa, ambalo uso wake uko kiasi cha mita 775 juu ya bahari, na mto Rusizi huleta maji ya Ziwa Kivu pamoja na ya vijito vingi vya milimani. Ziwa Tanganyika lenyewe lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Lukuga ulioko Kalemie upande wa Kongo. Mvua zikizidi kwa miaka kadhaa mfululizo, maji huingia kwa wingi kuliko yanavyotoka, na ziwa hupanda. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika miaka ya mwanzo ya 1960, na hivyo ndivyo ilivyotokea tena katika miaka yetu hii. Mwezi Aprili 2020 Rusizi ilivunja kingo zake, na maelfu ya watu wa Gatumba wakaziacha nyumba zao. Mafuriko yalirudi mwaka 2021, na tena mwaka 2024, hata serikali ikaomba msaada wa mataifa. Familia nyingi zililala katika mahema. Baadaye baadhi yao zilihamishiwa vilima vya Mubimbi, juu ya tambarare, mahali ambapo hewa ya alfajiri si ile waliyoizoea tangu utotoni.

Kwa hiyo habari ya kulala nje ya nyumba, ambayo katika nchi nyingine ni mchezo wa watu wenye likizo, kwetu ina uzito mwingine. Hapa wapo wanaokwenda Kibira kuutazama msitu, wapo watumishi wanaotumwa vilimani kwa kazi za siku kadhaa, wapo wafanyabiashara wanaofuata mboga Bugarama, wapo wauguzi wa wagonjwa wanaolala sakafuni hospitalini, na wapo waliofukuzwa na maji. Mwezi Februari 2025 makumi ya maelfu ya ndugu zetu kutoka Kongo walivuka na kuingia Burundi, wengi wao kwa njia ya mto Rusizi. Aliyelala usiku wake wa kwanza bila kitu cha kujifunika hahitaji kuelezwa thamani ya gramu mia saba za vinyoya vikavu.

Sasa tupande mlima kwa hesabu. Wataalamu wa hali ya hewa husema kwamba kila mtu apandapo mita 1,000, hewa hupoa kwa kiasi cha nyuzi sita na nusu za Selsiasi. Ikiwa alfajiri ya Gatumba ina nyuzi 19, na Bugarama, penye soko mashuhuri la karoti na kabichi katika barabara ya Kayanza, iko zaidi ya mita 1,400 juu yetu, basi yafaa tutegemee nyuzi 9 au 10 huko. Mlima Heha, ambao ndio kilele cha Burundi, unazidi mita 2,600. Huko hesabu yatupa nyuzi 7 hivi. Hiyo ni hewa tulivu. Ukiongeza upepo, au usiku wa kiangazi usio na mawingu kati ya Juni na Agosti, mwili huhisi baridi zaidi ya hesabu hiyo. Nyuzi 7 si theluji, lakini mtu wa tambarare aliyezoea kulala na kitenge kimoja hataupata usingizi, na mtoto mchanga anaweza kudhurika.

Watu waliopita hapa zamani waliijua tofauti hiyo kwa miili yao. Mwezi Aprili 1858 Waingereza Burton na Speke walifika Uvira kwa mitumbwi, wakitaka kujua kama Rusizi hutoka ziwani au huingia ziwani, nao wakaambiwa na wenyeji kwamba huingia. Mwezi Novemba 1871 Livingstone na Stanley walitoka Ujiji, wakapiga kasia hadi mdomo wa Rusizi wenyewe, wakaona kwa macho yao kwamba wenyeji walisema kweli. Jiwe la Mugere, kusini ya Bujumbura, ni ukumbusho wa usiku waliolala pwani ile ya ziwa katika safari hiyo. Vitabu husimulia sana habari za mabwana hao, lakini misafara ya zama zile ilitembea kwa miguu ya wapagazi. Mpagazi alijitwika mzigo wa frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30, na juu yake akaongeza mkeka wake mwenyewe na chombo chake cha kupikia. Utaona kwamba mtu aliyebeba kuliko wote hakuuacha mkeka. Alijua kwamba ardhi humnyonya mtu joto kuliko hewa.

Miaka michache baadaye, mwaka 1876, mfanyabiashara mmoja wa Wales aitwaye Pryce-Jones aliandikisha hati ya ubunifu wa blanketi lililokunjwa na kufungwa kama mfuko, likiwa na nafasi ya mto wa kujaza hewa. Aliliuza hata kwa jeshi la Urusi. Blanketi hilo la sufu huhesabiwa kuwa miongoni mwa mababu wa mifuko tunayoiona leo. Tangu hapo wazo lenyewe halijabadilika: mfunike mtu pande zote, zuia hewa yake yenye joto isitoroke. Kilichobadilika ni ujazo.

Hapa yafaa tulieleze jambo ambalo wauzaji wengi hawalielezi. Mfuko wa kulalia hauna joto lake. Joto ni la mlalaji. Mwili wa mtu mzima aliyelala hutoa joto kiasi cha wati 70 au 80, mfano wa taa moja ya umeme ya zamani. Kazi ya mfuko ni kuishika hewa iliyotulia karibu na mwili ili joto hilo lisipotee. Hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Na kitu kinachoweza kuishika hewa nyingi kwa uzito mdogo ndicho kitu bora. Vinyoya laini vinavyoota kifuani mwa bata na bata bukini, chini ya manyoya makubwa, havina mti wa katikati. Kila kimoja ni mfano wa kitawi chenye nyuzi nyingi zinazosukumana. Ukivibana hulala, ukiviachia huumuka kama unga uliotiwa hamira. Ndani ya kuumuka huko ndimo hewa inamokaa.

Viwanda hupima sifa hiyo kwa namba. Huchukua wakia moja ya vinyoya, yaani gramu 28 hivi, na kuangalia hujaza inchi ngapi za ujazo. Vinyoya vya kawaida hupata 500 au 550; vilivyo bora hupata 700, hata 800 na zaidi. Namba kubwa maana yake ni kwamba joto lile lile hupatikana kwa uzito mdogo. Haina maana kwamba mfuko wenye namba kubwa una joto zaidi kuliko mwingine, kwa kuwa huenda umejazwa vinyoya kidogo tu. Mfuko wa namba 600 uliojazwa gramu 600 waweza kuushinda kwa joto mfuko wa namba 800 uliojazwa gramu 300. Basi uliza mambo mawili daima: ubora wa vinyoya, na wingi wake.

Vinyoya vina adui mmoja mkubwa, naye ni yule yule adui wa Gatumba. Vikilowa, nyuzi zake hugandamana, hewa hutoka, na mfuko mzima huwa kama kitambaa chembamba chenye mabonge ya matope ndani yake. Kuvikausha wakati wa masika, pasipo jua la kutosha, kwaweza kuchukua siku kadhaa. Nyuzi za viwandani za poliesta hazina fahari hiyo ya wepesi: kwa joto lile lile mfuko wake waweza kuwa mzito kwa nusu kilo au zaidi, na hauminyiki sana. Lakini ukilowa husalia na sehemu ya joto lake, huweza kukamuliwa, hukauka mapema, na bei yake ni nafuu. Siku hizi vipo vinyoya vilivyotiwa dawa ya kuzuia maji. Dawa hiyo huchelewesha kulowa, haikuzuii kabisa.

Kutokana na hayo, ushauri kwa mtu wa Gatumba waweza kugawanywa kwa safari zake.

Ikiwa utalala hapa hapa tambarare, kando ya ziwa au mto, mfuko wa vinyoya hauna kazi. Joto la nyuzi 19 au 20 latosheka kwa shuka au kitenge. Kinachotakiwa ni chandarua chenye dawa, mkeka, na kipande cha turubai cha kuzuia unyevu. Tena usipige hema karibu na kingo za Rusizi. Viboko hutoka majini usiku kutafuta malisho, nao hawapendi kukuta mtu njiani mwao. Na mamba wa mto huo wana sifa ambayo imevuka mipaka ya nchi.

Ikiwa wapanda Bugarama, Teza au ukingo wa Kibira wakati wa kiangazi, na utalala ndani ya nyumba au hema zuri, mfuko mwepesi wa vinyoya hufaa sana. Utakuwa na gramu 700 au 800 mgongoni badala ya mablanketi mawili yenye kilo tatu au nne. Kwa Kibira, kumbuka kwamba ni hifadhi ya taifa, iliyo chini ya ofisi ya serikali ya ulinzi wa mazingira, OBPE. Ruhusa na mwongozaji hutangulia mzigo.

Ikiwa safari yako ni ya Oktoba hadi Mei, msimu wa mvua, au utalala mahali ambapo paa si la kutegemewa, chukua ule wa poliesta, ingawa ni mzito. Bega litalalamika kidogo mchana, lakini mwili utashukuru usiku. Kanuni hii huonekana pia katika milima mikubwa ya jirani zetu. Kilimanjaro, wenye mita 5,895, una kambi za juu ambazo usiku wake hushuka chini ya kuganda. Huko vinyoya vingi vina heshima yao, na wageni wengi hukodi mifuko hiyo mjini Moshi badala ya kununua. Lakini Rwenzori, wenye kilele cha mita 5,109 kati ya Uganda na Kongo, ni mlima wa mvua, ukungu na mabwawa. Apandaye Rwenzori na vinyoya bila kuvilinda ndani ya mfuko usiopitisha maji amebeba mzigo ambao huenda usimfae siku atakapouhitaji.

Sasa twende sokoni. Soko Kuu la Bujumbura liliungua tarehe 27 Januari 2013, na tangu hapo biashara ya mitumba imetawanyika katika masoko mengine, kama vile Kwa Siyoni na Cotebu. Muuzaji atakuambia kwamba kila mfuko ni wa vinyoya. Wewe tafuta kwanza kitambaa kidogo cha maandishi kilichoshonwa ndani ya mshono. Neno la Kifaransa "duvet" au la Kiingereza "down" lina maana ya vinyoya laini. "Plumes" au "feather" ni manyoya yenye miti, ambayo ni mazito na hayaumuki vizuri. Ukikuta asilimia 90 ya vinyoya na 10 ya manyoya, umekuta kitu chema. Ukikuta nusu kwa nusu, bei ishuke.

Kisha usitazame tu, uguse. Utandaze mfuko, uukung'ute, ukae ukinywa chai kwa nusu saa. Ulio mzima utaumuka polepole wenyewe. Ulio mzee utabaki umelala kama andazi lililokosa hamira. Uinue kuelekea jua: vyumba vya mshono visiwe na madirisha matupu ambayo vinyoya vimeyahama. Papasa kila chumba; mabonge magumu ni dalili ya maji au mafuta ya mwili. Nusa, harufu ya ukungu haitoki kwa urahisi. Vuta zipu kutoka mwanzo hadi mwisho mara tatu, maana fundi wa Buyenzi aweza kubadili zipu, lakini gharama hiyo ni sehemu ya bei. Mwisho, ingia ndani na viatu ukivua, ujilaze pale pale sokoni. Mfuko mfupi hubana vinyoya miguuni, na mfuko mpana kupita kiasi una nafasi kubwa ambayo mwili wako utalazimika kuipasha joto usiku kucha.

Katika mifuko mingi ya Ulaya utaona namba za nyuzi joto. Namba hizo zilianza kupimwa kwa utaratibu mmoja tangu mwaka 2005, na mwaka 2016 utaratibu huo ukachukuliwa katika kipimo cha kimataifa kiitwacho ISO 23537. Namba ya kwanza ni ya starehe, nayo imepimwa kwa kumfikiria mwanamke wa kawaida. Ya pili ni ya mpaka, imepimwa kwa kumfikiria mwanamume wa kawaida aliyejikunja. Ya tatu ni ya hatari: hiyo ni habari ya kunusurika, si ya kulala. Muuzaji hupenda kuitaja ya tatu kwa sababu ndiyo yenye kushangaza. Wewe chagua kwa namba ya starehe. Tena sisi wa tambarare, miili yetu haijazoea baridi. Ongeza nyuzi 4 au 5 za tahadhari. Kwa Mugamba, mfuko wa starehe ya nyuzi 3 hadi 5 watosha kabisa. Wa nyuzi 10 chini ya sifuri utakutoa jasho, na jasho hulowesha vinyoya kutoka ndani.

Turudi kwa mkeka wa mpagazi. Uzito wa mlalaji hubana vinyoya vilivyo chini yake hata vikakosa hewa. Kwa hiyo chini ya mgongo mfuko wa bei kubwa ni sawa na shuka. Joto hutorokea ardhini. Mwenye fedha za kitu kimoja tu, na aanze na cha kutandika: sponji ngumu ya unene wa vidole viwili, au mikeka miwili ya mafunjo ya Rusizi, ile ambayo Warundi huiita ibirago, ikiwekwa mmoja juu ya mwingine na majani makavu katikati. Blanketi la kawaida juu ya tandiko zuri hushinda mfuko wa kifahari juu ya sakafu tupu ya saruji.

Kwa nyumba isiyo na fedha za mfuko, zipo njia. Mablanketi mawili yakishonwa pande tatu, nusu ya upande wa nne ikaachwa wazi kwa kichwa, hufanya mfuko mzuri. Kitenge kikishonwa kama gunia jembamba na kuwekwa ndani huongeza joto kidogo na kuuweka mfuko safi. Watu wa pwani walijaza mito kwa usufi, pamba ile ya mti wa msufi, ambayo ni nyepesi na haipendi maji, hata ilitumiwa zamani katika maboya ya kuokolea watu baharini. Kasoro yake ni kwamba nyuzi zake huvunjika na kugeuka vumbi, nazo zikibanwa haziumuki tena. Hufaa mto na godoro kuliko mfuko wa kukunjwa. Ama wale wanaouliza kama waweza kuchuna bata wa nyumbani, jibu ni kwamba ndege mmoja hutoa vinyoya kidogo mno, na vinyoya visivyosafishwa na kukaushwa kwa joto huoza na kuleta wadudu.

Kuhusu watoto, sina budi kusema wazi. Mtoto mchanga asilazwe kamwe ndani ya mfuko wa mtu mzima. Aweza kuteleza chini na kukosa pumzi. Avikwe nguo za kutosha na kofia, alale mahali ambapo pua yake i wazi.

Na lipo jambo zito kuliko yote yaliyotangulia. Watu wa tambarare wanapofika milimani na kuona baridi, mkono wa kwanza huenda kwenye jiko la makaa. Huliingiza chumbani au hemani, hufunga mlango, hulala. Makaa yanayowaka bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo humtia mtu usingizi mzito asiamke tena. Jiko lipike nje, lilale nje. Ukitaka joto, chemsha maji, yatie katika chupa yenye kifuniko kizuri, uifunge kwa kitambaa na kuiweka miguuni. Kula chakula kabla ya kulala, maana taa ya mwili haiwaki bila mafuta. Badili nguo ya jasho. Vaa kofia na soksi kavu. Usifunike pua ndani ya mfuko, kwa sababu pumzi ni maji.

Mfuko ukirudi nyumbani Gatumba, usiuache katika kifuko chake kidogo. Vinyoya vilivyobanwa kwa miezi hupoteza nguvu ya kuumuka. Uanike kivulini penye upepo, kisha uutie katika mfuko mpana wa kitambaa na kuutundika juu, kwenye boriti, mbali na sakafu. Katika mji huu kitu cha sakafuni ndicho cha kwanza kuondoka na maji. Ukichafuka, uoshe kwa nadra, katika beseni kubwa, kwa sabuni isiyo kali, uukamue kwa viganja bila kuupinda, uubebe kwa mikono miwili maana mishono ya mfuko uliolowa hukatika kwa uzito wake, na uukaushe siku kadhaa huku ukiyapasua mabonge kwa vidole.

Jioni ikiwa safi, kutoka Gatumba huonekana moshi wa vijiji vilivyo juu ya vilima vya mashariki. Wako huko watu waliokuwa majirani zetu kabla ya maji kuwahamisha, na wanaowatembelea hubeba samaki, mchele na habari. Anayepanda kuwaona katika miezi ya baridi, akiwa na nafasi mzigoni kwa kitu kimoja zaidi, na achukue blanketi na mkeka wa kuwaachia. Mfuko wake mwepesi wa vinyoya utamrudisha salama. Lakini blanketi litabaki kule, na litafanya kazi kila usiku.